Programu mbili kwa kazi moja: Akiba au mzigo?

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

DEREVA wa lori anayepakia mzigo katika Bandari ya Dar es Salaam kuupeleka Zambia au Lubumbashi, husafiri zaidi ya kilomita 900 kabla ya kufika mpakani Tunduma. Katika safari hiyo hubeba tairi la akiba, jeki na spana. Habebi injini ya pili. Tairi hupasuka mara nyingi na halichukui nafasi kubwa, lakini injini ya akiba ingekula nafasi ya mzigo unaomlipa.

Hesabu ya namna hiyo huwakabili pia watu wanaotengeneza mikusanyo ya programu za kompyuta, pamoja na walimu na mafundi wanaozisakinisha katika shule na ofisi za Mkoa wa Songwe. Je, kompyuta iwekewe programu mbili au tatu zinazofanya kazi ileile ili mtumiaji achague, au ichaguliwe moja na nyingine ziachwe?

Swali hilo lina wahenga wake pande zote mbili. Wapo wanaosema akiba haiozi, na wapo wanaokumbusha kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Kwa mtu mwenye kompyuta mpya na intaneti ya kasi, jibu lolote litamfaa. Kwa shule yenye kompyuta chache zilizochakaa, mwalimu mmoja wa somo hilo na bando la kununua kwa kipimo, jibu lisilo sahihi humaanisha mashine zinazokwama, vipindi vinavyopotea na fedha zinazotumika bila faida.

Mkusanyo wa programu ni nini?

Kompyuta haiwezi kufanya kazi bila mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia kumbukumbu, diski, kioo na kibodi. Mfumo unaofahamika zaidi katika maduka na ofisi za Tanzania ni Windows wa kampuni ya Microsoft. Upo pia Linux, ambao kiini chake kilianza kuandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Finland. Linux hutolewa bure, na mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuugawa.

Hata hivyo, kiini hicho pekee hakiwezi kuandika barua wala kufungua picha. Ndiyo maana vikundi mbalimbali hukusanya kiini pamoja na maelfu ya programu nyingine, huzipanga, huzijaribu pamoja na kuzitoa zikiwa kitu kimoja. Kitu hicho ndicho mkusanyo wa programu, ambao mafundi wengi hukiita kwa kifupi distro. Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ni miongoni mwa mikusanyo mikongwe. Ubuntu, ulioanzishwa na tajiri wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth, ulitoka kwa mara ya kwanza Oktoba 2004 ukiwa umejengwa juu ya Debian. Jina lake lina mzizi mmoja na neno la Kiswahili, utu.

Kwa kuwa programu hizo ni huru, hakuna kinachomzuia mtu kuandika nyingine ya kufanya kazi ambayo tayari ina programu yake. Mmoja haridhiki na mpangilio wa menyu, mwingine anataka iwe nyepesi zaidi, wa tatu hakubaliani na uongozi wa mradi. Matokeo yake ni programu nyingi za kuandikia maandishi, za kusikilizia muziki, vivinjari vingi, na hata mandhari kadhaa za kioo zinazotofautiana mpangilio. Anayeandaa mkusanyo ndiye anayelazimika kuamua ipi iingie na ipi ibaki nje.

Njia mbili zilizojaribiwa

Debian walifuata njia ya ghala kubwa. Toleo lao la 3.1, lililotoka Juni 2005, lilikuwa na vifurushi vya programu zaidi ya 15,000, na toleo la 12 la Juni 2023 lilikuwa na zaidi ya 64,000. Anayetaka programu tano za kazi moja huzipata zote humo. Ili zisigombane, Debian waliweka utaratibu wa mbadala: programu kadhaa zinaweza kukaa pamoja katika kompyuta moja, lakini moja huteuliwa kuwa ndiyo inayoitikia kazi husika hadi msimamizi atakapoibadilisha.

Ubuntu walifuata njia tofauti. Lengo lao la awali lilikuwa kila kitu kitoshee katika CD moja, ambayo uwezo wake ni takriban megabaiti 700. Sharti hilo liliwalazimisha kuchagua: kivinjari kimoja, programu moja ya barua pepe, programu moja ya ofisi. Nyingine zilibaki katika ghala la kwenye intaneti, na aliyezitaka alizipakua mwenyewe. Aliyependelea mandhari nyingine ya kioo alipewa mkusanyo wa pekee, Kubuntu, na shule zikatengenezewa Edubuntu, yote miwili ikitoka mwaka 2005.

Kuanzia mwaka 2005 hadi 2011, Ubuntu walituma CD hizo bure kwa posta kwa yeyote duniani aliyeziomba. Kwa Afrika, ambako kupakua megabaiti 700 katika miaka hiyo lilikuwa jambo la usiku mzima na pengine la kukata tamaa, CD moja iliyokamilika ilikuwa na thamani kuliko CD 14 za Debian 3.1 zenye kila kitu.

Uamuzi wa kuacha kitu nje haukukosa malalamiko. Ubuntu 10.04 ya Aprili 2010 ilipoondoa GIMP, programu maarufu ya kurekebisha picha, katika orodha ya zinazosakinishwa tangu mwanzo, wapo waliolalamika kwamba wamenyang'anywa chombo chao. Waliounga mkono walisema watumiaji wengi walihitaji tu kupunguza ukubwa wa picha, na kwa kazi hiyo programu ndogo ilitosha. Miaka mingi baadaye, katika toleo la 23.10 la Oktoba 2023, Ubuntu walikwenda mbali zaidi kwa kufanya usakinishaji mdogo kuwa ndio wa kawaida, na mwenye kutaka programu za ofisi na nyinginezo achague usakinishaji kamili.

Pamoja na hayo, faili la usakinishaji la Ubuntu 24.04 la mwaka 2024 lina ukubwa wa zaidi ya gigabaiti 5. Kikomo cha CD kilipoondoka, nidhamu ya ukubwa nayo ililegea. Kwa mtu wa Vwawa au Mlowo anayepakua kwa bando la simu, ongezeko hilo ni la fedha taslimu.

Gharama zisizoonekana

Kwa juu juu, programu ya ziada haina madhara. Imelala katika diski, asiyeitaka haifungui. Lakini gharama zake zipo, nazo ni za namna tano.

Ya kwanza ni nafasi. Programu haiji peke yake, bali huja na maktaba za msimbo zinazoiwezesha kufanya kazi. Katika Linux kuna familia mbili kubwa za maktaba za kuchorea madirisha na vitufe, GTK na Qt. Kompyuta iliyojengwa juu ya familia moja inapoongezewa programu ndogo ya familia nyingine, hulazimika kuingiza jamaa wote wa familia hiyo. Programu ya megabaiti chache hufika na msafara wa mamia ya megabaiti.

Ya pili ni masasisho. Kila programu iliyosakinishwa, itumike isitumike, inahitaji marekebisho ya usalama. Tuchukulie mfano wa hesabu tu: shule ina kompyuta 20, na kila moja ina programu mbili za ofisi zenye megabaiti 300 kila moja. Zikisasishwa kila moja peke yake, shule hupakua gigabaiti 12. Ikiwa ni programu moja, ni gigabaiti sita. Na ikiwa kompyuta moja inapakua na nyingine 19 zinachukua kutoka kwake kwa waya wa ndani, ni megabaiti 300 tu.

Ya tatu ni usalama wenyewe. Programu isiyofunguliwa na mtu inaweza kuwa na tundu ambalo hakuna anayelikumbuka. Wasimamizi wa mifumo wana kanuni ya kuondoa kila kisichotumika, kwa sababu mlango usio na kazi ni mlango wa kulinda bila faida.

Ya nne ni ufundishaji. Mwalimu mwenye wanafunzi 40 anapowaambia wafungue programu ya kuandikia, akakuta kumi wamefungua moja, kumi nyingine na waliobaki hawajui wafungue ipi, nusu ya kipindi huishia hapo. Msemo wa penye miti hapana wajenzi unafaa katika hali hiyo, kwani vyombo vipo tele lakini mtu wa kuvifundisha ni mmoja.

Ya tano, ambayo husahaulika zaidi, ni tafsiri. Kila programu ina mamia au maelfu ya maneno na sentensi zinazoonekana kwenye menyu na ujumbe wa makosa. Ili kioo kizungumze Kiswahili, lazima mtu akae azitafsiri, na kila toleo jipya huja na mengine. Programu mbili za kazi moja ni kazi mbili za tafsiri, wakati wafasiri ni walewale wachache.

Somo la Jambo OpenOffice

Gharama hiyo ya tano ina historia hapa nchini. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, kiliendesha mradi uliojulikana kama Kilinux, wenye lengo la kuzifanya programu huru zizungumze Kiswahili. Wahusika walikuwa na ghala zima la programu mbele yao. Hawakujaribu kuzitafsiri zote. Walianza na kamusi ya istilahi, kisha wakaelekeza nguvu katika programu moja ya ofisi, OpenOffice, na Desemba 2004 wakatoa toleo la Kiswahili lililopewa jina la Jambo OpenOffice.

Uchaguzi huo ulikuwa na maana. Katika programu hiyo moja mlikuwa na chombo cha kuandikia nyaraka, cha lahajedwali na cha kuandaa maonyesho, yaani karibu kila kazi ya ofisi ya kawaida. Kwa kutafsiri kitu kimoja, mradi uligusa mahitaji ya mwalimu, karani na mfanyabiashara. Laiti nguvu hizo zingegawanywa kwa programu tatu zinazofanana, huenda zote zingebaki nusu Kiswahili, nusu Kiingereza. Microsoft nayo baadaye ilitoa sura ya Kiswahili ya Windows na Office.

Lakini kilichotokea baadaye kwa OpenOffice kinatoa somo la upande wa pili. Mradi huo ulikuwa chini ya kampuni ya Marekani ya Sun Microsystems, iliyoufungua kwa umma mwaka 2000. Januari 2010 Sun ilinunuliwa na Oracle. Wachangiaji wengi hawakuridhishwa na mwelekeo wa mmiliki mpya, na Septemba mwaka huohuo wakaanzisha taasisi yao, The Document Foundation, na programu yao, LibreOffice, kwa kutumia msimbo uleule. Mwaka 2011 Oracle iliikabidhi OpenOffice kwa taasisi ya Apache.

Kwa muda dunia ilikuwa na programu mbili karibu mapacha, na waandaaji wa mikusanyo walilazimika kuchagua. Ubuntu walihamia LibreOffice mwaka 2011, na mikusanyo mingine mingi ikafanya hivyo. Leo LibreOffice ndiyo inayoendelezwa kwa kasi, na Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake. OpenOffice ingali ipo, lakini tangu toleo la 4.1 la mwaka 2014 imekuwa ikipata marekebisho madogo tu.

Laiti pasingekuwa na mtu aliyeruhusiwa kutengeneza marudio, watumiaji wa OpenOffice wangebaki na chombo kinachozeeka bila njia ya kutoka. Marudio ambayo mwaka 2010 yalionekana kuwa upotevu wa nguvu, ndiyo yaliyookoa kazi, zikiwamo tafsiri zilizokwisha kufanywa.

Akiba inapookoa

Hoja ya kuwa na mbadala haiishii kwa miradi inayozeeka. Julai 19, 2024, sasisho moja lenye kasoro la programu ya usalama ya kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows ambazo Microsoft ilikadiria kuwa milioni 8.5 duniani kote. Ndege zilikwama na hospitali zikarejea kwenye karatasi. Kasoro ilikuwa ndogo, lakini maelfu ya taasisi zilitegemea chombo kilekile kwa wakati uleule, na zikaanguka pamoja.

Kwa Afrika Mashariki, miezi miwili kabla ya hapo kulikuwa na somo la karibu zaidi. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hufika hadi Tunduma na kuunganishwa na Zambia, lakini mkongo wa nchi kavu hauzibi pengo la baharini kwa siku moja. Katika siku kama hizo, kauli kwamba programu mbadala ipo kwenye ghala la intaneti haimsaidii mtu. Mbadala ambao hauwezi kufikiwa siku ya shida si mbadala.

Hapo ndipo njia ya Ubuntu, yenye busara kwa mwenye mtandao wa uhakika, inapoonyesha upungufu kwa mwenye mtandao wa kubahatisha. Kuacha programu nje ya mkusanyo ni kumtwisha mtumiaji gharama ya kuifuata. Mtumiaji wa London hulipa gharama hiyo kwa sekunde chache. Wa Kamsamba wilayani Momba anaweza kuilipa kwa nauli ya kwenda mjini.

Si kila marudio ni sawa

Mjadala huu hukosa mwelekeo pale kila programu mbili zenye kazi moja zinapohesabiwa kuwa marudio ya aina moja. Zipo aina tatu zinazopaswa kutofautishwa.

Aina ya kwanza ni marudio matupu: programu mbili zenye uzito sawa, uwezo sawa na watumiaji walewale, zikitofautiana rangi na mpangilio wa vitufe. Vikokotoo viwili au programu mbili za kutazama picha ni mfano. Hizo ndizo injini ya pili ndani ya lori.

Aina ya pili ni mbadala wa mazingira. LibreOffice ni kamili lakini ni nzito kwa kompyuta kuukuu yenye kumbukumbu ndogo. AbiWord ni nyepesi, ingawa haina mambo mengi ya mwenzake. Vilevile mandhari ya kioo ya Xfce au LXDE huweza kuifufua kompyuta ambayo GNOME, mandhari ya kawaida ya Ubuntu, ingeikwamisha. Shule nyingi hupokea kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine, na kwao chombo chepesi ndicho kinachoamua iwapo mashine itaingia darasani au stoo. Shirika la Camara la Ireland, linalopeleka kompyuta zilizofanyiwa matengenezo katika shule za nchi za Afrika, Tanzania ikiwamo, lilipata kuwa na mkusanyo wake maalumu uliojengwa juu ya Edubuntu, uliochaguliwa kwa kuzingatia mahitaji ya shule.

Aina ya tatu ni akiba halisi, yaani chombo cha pili kwa kazi ambayo ikikwama kila kitu husimama. Kivinjari ni mfano bora. Huduma nyingi za umma, benki na matokeo ya mitihani sasa hupitia humo, na kuna tovuti inayokataa kivinjari kimoja na kukubali kingine. Vivinjari viwili katika kompyuta moja ni sawa na tairi la akiba.

Suala la kivinjari lilifika hata mbele ya vyombo vya sheria. Machi 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497, pamoja na mambo mengine kwa kuifunga programu yake ya muziki na video ndani ya Windows kiasi cha kuwanyima nafasi washindani. Mwaka 2010, kufuatia makubaliano na tume hiyo, watumiaji wa Windows barani Ulaya walianza kuonyeshwa ukurasa wa kuchagua kivinjari. Tume haikuitaka Microsoft ijaze programu zote katika Windows. Ilitaka mlango wa mtumiaji kuchagua uwe wazi.

Kinachounganisha ni muundo wa faili

Swali lililo kubwa zaidi ya idadi ya programu ni iwapo programu hizo zinasomana. Barua iliyoandikwa kwa programu moja ikifunguka bila kuharibika katika nyingine, mtumiaji anaweza kubadili chombo siku yoyote. Isipofunguka, hata kompyuta yenye programu kumi humfunga mtu kwa moja.

Ndiyo maana muundo wa faili wa ODF, unaotumiwa na LibreOffice na programu nyingine kadhaa, ulipitishwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2006. Muundo huo ni mali ya wote, na programu yoyote inaruhusiwa kuufuata.

Wananchi wa kawaida wamekwisha kuiona kanuni hiyo ikifanya kazi katika malipo ya serikali. Mfumo wa GePG, ulioanza kutumika mwaka 2017, humpa mlipaji namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo mitaani huitwa kontroo namba. Namba ni ya muundo mmoja, lakini mlipaji anaweza kuilipia kwa benki au kwa mtandao wa simu anaoutaka. Mtandao mmoja ukikwama, hutumia mwingine. Njia za malipo ni nyingi na zinafanana, lakini hakuna anayezilalamikia kuwa ni marudio, kwa kuwa zote zinaielewa namba ileile.

Mpakani Tunduma hali ni hiyo kwa sura nyingine. Mamlaka ya Mapato Tanzania hutumia mfumo wa forodha wa TANCIS, na wenzao wa Nakonde upande wa Zambia hutumia ASYCUDA. Kila nchi ina mfumo wake, na ni haki yake. Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa Oktoba 2019, ili mizigo ikaguliwe mahali pamoja badala ya mara mbili, suala la msingi limekuwa ni taarifa za upande mmoja kueleweka upande wa pili.

Serikali na urudufu

Serikali nayo imekutana na swali hilo katika mifumo yake. Kwa miaka mingi kila wizara, wakala na halmashauri ilijenga au kununua mfumo wake wa kazi ambazo wenzao walikuwa na mfumo tayari. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, iliyounda Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA), ililenga pamoja na mengine kuzuia urudufu huo, ili taasisi zitumie mifumo ya pamoja na zisomane kupitia mfumo wa kubadilishana taarifa.

Nia hiyo ina mantiki, kwa kuwa fedha ni za mlipa kodi mmoja. Lakini mfumo mmoja wa pamoja ukianguka huanguka kwa wote. Kwa hiyo taasisi inayounganisha mifumo hulazimika kujibu swali la dereva wa lori: baada ya kuacha injini ya pili, tairi la akiba liko wapi? Nakala za kumbukumbu, mtambo wa pili mahali pengine na utaratibu wa kufanya kazi kwa karatasi mtandao unapokatika, ndiyo akiba ya mfumo wa namna hiyo.

Nini kifanyike shuleni

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na kuwa na makao makuu Vwawa, una shule zilizo kando ya barabara kuu na nyingine zilizo mbali nayo. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) umekuwa ukipeleka kompyuta katika shule za umma nchini. Kompyuta zikishafika, mwalimu au fundi anayezipanga ndiye anayekuwa mwandaaji wa mkusanyo wa shule yake, hata kama hajiiti hivyo.

Kwake, yaliyoelezwa hapo juu yanaweza kufupishwa katika hatua chache. Kwanza, kile kinachoonekana kwenye kioo kiwe kimoja kwa kila kazi, na kiwe kilekile katika kompyuta zote za darasa, ili kipindi kisipotee katika kutafuta. Pili, kazi ambayo haiwezi kusimama, hasa kivinjari, iwe na chombo cha pili kilichokwisha kusakinishwa na kujaribiwa. Tatu, pale kompyuta zinapotofautiana nguvu, zile dhaifu zipewe chombo chepesi, na wanafunzi waelezwe kwamba faili zao zitafunguka kote.

Nne, na hili ndilo linaloitofautisha shule ya Momba au Ileje na ofisi ya mjini, mbadala mwingine wote usitegemee intaneti. Diski ya nje au flashi kubwa inaweza kubeba nakala ya programu zinazohitajika, na mikusanyo ya Linux ina utaratibu wa kusakinisha kutoka katika nakala hiyo bila kupakua chochote. Kompyuta moja yenye afya inaweza pia kuwa ghala la ndani la nyingine zote. Safari moja ya kwenda kwenye mtandao wa kasi Tunduma mjini kila muhula inatosha kuisasisha.

Tano, kila faili lihifadhiwe katika muundo ulio wazi. Hatua hiyo haigharimu hata shilingi, nayo ndiyo inayoiwezesha shule kubadili chombo chake miaka kumi baadaye bila kupoteza kumbukumbu za wanafunzi.

Kwa waandaaji wa mikusanyo walio mbali, wengi wao Ulaya na Marekani, shule za namna hii zina ombi la msingi: wanapopunguza kinachosakinishwa, wasidhani kwamba kila mtumiaji ana mtandao wa kufuata kilichoachwa nje. Mkusanyo mwepesi wenye faili la pili la programu za ziada, linaloweza kunakiliwa mara moja na kugawiwa kwa flashi kutoka shule hadi shule, ungewafaa watu wa Songwe kuliko faili moja la gigabaiti tano au ahadi ya ghala lililo upande wa pili wa bahari.